Kona ya Nyumba ya Kijani

Siku ya kutimiza miaka arobaini na moja ya ndoa, Bi Pasi aliamka akiwa mpelelezi. Kazi hiyo hakuipenda. Yeye maisha yake yote alikuwa amenyoosha mashati ya watu katika duka la dobi, ndiko alikolipata hilo jina, na shati halimfichi mtu kitu. Likiwa na kunyanzi utaliona. Mume ni jambo jingine.

Aliyemtia katika njama ni binti yao. "Mama, nendeni mjini kama kawaida yenu, ila mwache baba aongoze," alisema kwenye simu. "Akijua njia, basi, sisemi tena. Akipotea, Jumapili nakuja kuwachukua. Chumba kiko tayari." Maana katika miezi miwili iliyopita baba yake alikuwa ameunguza birika mara mbili likiwa halina maji, na amemwita jirani kwa jina la marehemu kaka yake. Na kuchukuliwa maana yake ni kuifunga nyumba yao ya vyumba viwili, waliyoijenga tofali kwa tofali, wakaishi kwa mkwe huku wakikohoa kwa adabu.

Mumewe alikuwa fundi rangi, na watu walimwita Fundi, utadhani mji mzima hauna fundi mwingine. Wanaume wengine huwapa wake zao maua siku kama hiyo. Yeye alimpeleka wake kutazama kuta. Kila mwaka, tarehe hiyo hiyo, walivaa wakapendeza, wakazunguka kuangalia alichopaka mwaka huo, naye akasimama mikono nyuma akingoja kusifiwa. Bi Pasi alimsifu. Hata ile hoteli ya zambarau aliisifu, Mungu amsamehe. Tangu Fundi astaafu, walizitembelea kuta za zamani.

Asubuhi hiyo manyunyu yalikuwa yamepita. Mji ulilowa ukang'aa, mvuke ukapanda taratibu kutoka kwenye lami, na watu wa mbali walionekana wakielea ndani yake bila miguu. Fundi akamshika mkono. Jina la mtaa hakulijua hata moja. Mji wake ulikuwa wa rangi tupu.

"Tunapita bluu ya posta, tunanyoosha mpaka nyeupe ya shule, tukifika kwenye kijani tunakata kulia," alisema. "Halafu nakununulia chai."

Bluu ilikuwepo. Nyeupe nayo ilikuwepo, imechakaa kidogo. Bi Pasi akasahau upelelezi wake. Rangi zilimpita polepole, kila moja na mwaka wake: bluu ni mwaka aliozaliwa binti yao, na ile krimu ya duka la viatu ni mwaka Fundi alipoanguka kwenye ngazi, akalala wiki sita akiwaamrisha watu akiwa kitandani. Alijihisi hatembei mjini bali ndani ya maisha yake mwenyewe, na hakuwa na haraka ya kufika popote.

Fundi akasimama.

"Hapa pana kijani," alisema.

Hapakuwa na kijani. Palikuwa na jengo la kijivu, kijivu kile kisicho na furaha cha majengo ya siku hizi. Fundi aligeuka kushoto, akageuka kulia, mdomo umeachama. "Kijani kiko wapi?"

Jumapili, aliwaza Bi Pasi, na papo hapo akaanza kupanga kichwani vyombo vya kubeba na vya kuacha.

"Labda ni mtaa wa mbele, mume wangu," alisema kwa ile sauti wanayosemeshwa wagonjwa, akaichukia sauti hiyo mara tu ilipomtoka.

Fundi alilifuata bomba la maji ya mvua lililoshuka ukutani, akachutama, akatoa ufunguo mfukoni na kukwangua nyuma ya bomba, mahali ambapo brashi ya mvivu haifiki. Kijivu kikapukutika. Chini yake kulikuwa na kijani kibichi, kama kilichopakwa jana.

"Vijana hawa hata msasa hawapigi," alinung'unika. "Wanapaka tu juu ya kazi ya mtu."

Bi Pasi akacheka mpaka akauegemea ukuta. Mlinzi akatoka kuuliza kwa nini wanalibomoa jengo. "Tunakagua," alisema Fundi, na wakakata kulia wakikimbia mbio za wazee, ambazo ni kutembea tu.

Chai waliinywa katika mgahawa wa ghorofani, kando ya dirisha kubwa. Jua lilikuwa limetoka, na mapaa yaliyolowa yalimeta mpaka mwisho wa macho. Bi Pasi alikwenda kunawa mikono, akarudi akiwa ameshakata kauli: atamwambia binti yao, baba yako ana akili kuliko wewe.

"Nimefaulu?" Fundi akauliza, macho dirishani.

"Kufaulu nini?"

"Mama, tangu asubuhi hujaniambia hata mara moja nipite huku au kule. Wewe! Unayenielekeza hata njia ya bafuni."

Bi Pasi alitaka kukana, uso ukamuumbua. Akapangusa meza iliyokuwa safi. "Umefaulu," alisema.

"Sijafaulu." Fundi alionyesha ng'ambo ya barabara, kwenye jengo refu la rangi ya chungwa. "Ulipokwenda kunawa, mhudumu kaniamkia, kasema lile ni kazi yangu. Lilinichukua miezi minane, kasema. Nimelitazama weee. Naona pembe zimenyooka, limepakwa vizuri. Lakini silijui, mama. Kijani nakikumbuka. Hili ni kama la mtu mwingine."

Bi Pasi alilijua. Miezi minane alikuwa akileta chakula chini ya jukwaa, naye Fundi akimpigia mluzi kutoka juu. Machozi yakamtoka, wala hakuyaficha.

"Usimdanganye mtoto," alisema Fundi, akiushika mkono wake. "Mwambie ukweli." Akamalizia chai yake. "Ila mwambie kesho."

Simu ikalia mkobani. Alikuwa binti yao. Bi Pasi aliiacha mpaka ikanyamaza, kisha akasogeza kiti chake upande wa mumewe na kumwonyesha dirisha moja, juu kabisa.

"Tuanzie pale," alisema. "Siku hiyo ulikuwa umeninunia kwa sababu nilichelewesha chakula."

"Nilinuna?"

"Ulinuna mpaka ghorofa ya pili."