Ngazi Kumi za Pancras

Pancras alirudi kutoka vita vya Kagera na mkanda mweusi wa karate, akaja Bukiriro kunichumbia. Alikata mgomba kwa kiganja, ndizi zikaanguka zimeshaiva. Anayebisha awaulize mbuzi waliozila.

Baba, balozi wetu wa nyumba kumi, hakushtuka.

"Huo mkanda una ngazi ngapi?"

"Kumi, mzee. Mimi nina ya kwanza."

"Basi rudi ukizimaliza."

Nikajiona nazeekea jikoni kwa mama! Pancras akapiga goti. "Mzee, ya kumi haipatikani kwa kupigana. Hupewa mzee aliyefundisha watu maisha yake yote, kama wewe."

Baba akajifunga ule mkanda, akajitazama, akaniita.

"Deodata, mletee mkwe wangu pombe."

Mkanda hakuurudisha. Alienda nao shamba la ujamaa, na hakuna aliyethubutu kuchelewa.