Besi Niliyoifuta

Baba yangu alikuwa mwalimu wa kwaya ya usharika wetu kule Malindi, juu ya Lushoto. Muziki hakuusomea chuoni, aliupokea kwa mwalimu wa kwaya aliyemtangulia. Nota zake aliziandika kwa herufi, do re mi, kwa penseli, nyuma ya kalenda za mwaka uliopita. Kalenda ilitundikwa ukutani kwa misumari miwili, na kwaya iliimba kwanza herufi tupu mpaka kila sauti ikae mahali pake, ndipo maneno yaruhusiwe. Besi aliiongoza mwenyewe. Asubuhi alikuwa kwenye viazi na kabichi zake kama watu wengine wote.

Mama alipofariki, Baba alimtungia wimbo wa kumzikia. Aliuandika usiku na mchana kabla ya mazishi, chai ikipoa mezani bila kuguswa. Baada ya hapo, kila mwaka tulipokwenda kupalilia kaburi nyuma ya mipeasi, kwaya ilikuja na kuuimba. Mimi nilisimama na alto. Mbele ya watu Baba hakulia hata siku moja, ila besi ile ilikuwa inalia kwa niaba yake, na sote tulijua.

Mimi ndiye niliyepelekwa kusomea muziki. Nilipomaliza shahada ya kwanza nilirudi nyumbani kichwa kimenivimba, nikisahihisha hata kengele ya kanisa. Jioni moja nilisimama mbele ya kalenda yenye wimbo wa Mama, nikaona nilichofundishwa kukiona.

"Baba, hapa kuna tano sambamba."

"Ndiyo nini hiyo?"

Nikamweleza. Teno inatoka sol kwenda la, besi nayo inatoka do kwenda re. Sauti mbili zilizoachana hatua tano zinapanda pamoja na kubaki zimeachana vile vile. Kwenye mitihani yetu ni marufuku.

"Sisi tunaimba hivyo," alisema. "Hata bibi zako wakilima, sauti zilikuwa zinapanda pamoja hivyo hivyo."

"Najua, Baba. Lakini ni kosa."

Kisha akavuta droo, akatoa kifutio chake, akanikabidhi. "Futa basi, mwanangu. Wewe ndiye umesoma."

Nikafuta. Laiti ningeishia kwenye zile nota mbili! Mkono ulishapata moto, nikafuta besi yote na kuandika mpya, safi, isiyo na doa, ambayo mwalimu yeyote angeipa alama zote. Baba alishika taa ya simu ili nione vizuri.

Mwaka jana tukamzika yeye, kando ya Mama. Kwaya iliimba wimbo ule ule, na besi yangu. Nitasema ukweli unaoniaibisha: katikati ya msiba, nilisikia jinsi sauti zilivyokaa vizuri, nikajivuna.

Miezi michache baadaye nilianza shahada ya uzamili. Sisi tuliokaa miaka mingi nje ya darasa tuliwekwa kwenye kozi ya kunoa upya nadharia ya muziki na upatanifu wa sauti, na mimi niliingia nikiamini kwamba nakwenda kupoteza muda. Tulipofika kwenye tano sambamba, mhadhiri, mama mmoja mtaratibu, alituuliza kwa nini zinakatazwa. Nikajibu haraka kwamba ni kosa.

"Kosa kwa nani?" akaniuliza.

Akaeleza kwamba sheria ile ni ya aina moja ya muziki, ya watu fulani waliotaka kila sauti ijitegemee. Wapo watu wengi, wakiwemo wa kwetu, ambao sauti zao husafiri pamoja kwa makusudi, na hapo hakuna cha kusahihisha. Kisha akatupa kazi: kila mmoja alete wimbo wa nyumbani kwao, sauti zote nne, na aeleze mwendo wake bila kuunyoosha.

Nilibaki nimeinamia daftari. Wenzangu walidhani nanukuu.

Nilipanda Malindi wiki ile ile. Kalenda ilikuwa bado sandukuni kwa Baba. Niliiinua dirishani nikitafuta mikwaruzo ya penseli yake, lakini nilikuwa nimefuta kwa bidii na kuandika juu yake kwa nguvu. Zile nota mbili za ugomvi nazikumbuka. Nyingine sina. Nilijaribu kuisikia besi yake kichwani, na kila nilipojaribu, ilikuja ya kwangu.

Alibaki mwimbaji mmoja wa besi wa enzi zile, mzee aliyehamia kwa mwanawe Mlola. Nilimkuta akichambua maharage kibarazani.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Sauti tu, nimeshajua wewe ni wa nani."

Nikamwomba aniimbie besi ya zamani ya wimbo wa Mama. Alianza vizuri, nota tatu, nne. Halafu akateleza akaingia kwenye yangu. Akarudia, akateleza tena.

"Imeondoka," alisema. "Sisi besi hatukuwa tunasoma, tulikuwa tunamfuata baba yako tu. Na tangu ulipoibadilisha ukatufundisha yako, hatukuwa na wa kumfuata."

"Si alikuwepo? Si alikuwa anaimba nanyi?"

Aliniangalia kwa huruma, akarudi kwenye maharage yake. "Mimi nilikuwa nasimama bega kwa bega naye, mwanangu. Wimbo ule alikuwa anafungua mdomo tu. Sauti haikutoka tena."

Miaka sita, tangu nilipofuta hadi tulipomzika. Miaka sita alisimama kwenye kaburi la mkewe akifungua mdomo, na mimi kwenye alto, hatua chache kutoka kwake, mtaalamu wa kusikiliza, sikusikia.

Kazi niliikusanya kwa wakati. Soprano, alto na teno niliziandika zote. Mstari wa nne niliuacha mtupu, na pembeni yake, kwa kuwa mhadhiri angeuliza, niliandika: sauti hii ilikuwa ya baba yangu, niliifuta mimi.