Miaka Yangu Bila Komunyo

Wakati wa kupokea ukifika, benchi letu zima linasimama. Mimi nakunja magoti pembeni wenzangu wapite, kisha nainamia kitabu cha nyimbo ambacho sikisomi. Nimefanya hivyo kila Jumapili kwa miaka kumi na miwili.

Mume wangu ni fundi seremala. Kabla hatujakutana alikuwa amefunga ndoa kanisani kwao Magharibi mwa Kenya, na yule mke akamwacha, akaolewa kwingine. Tulipoanza kukaa pamoja hapa Kibera nilidhani hayo yamekwisha. Kumbe kwa Kanisa ndoa ile bado ipo.

Padre hakunifokea. Alinivutia kiti, akanieleza polepole kwamba tuna njia tatu: tuachane, tuishi kama kaka na dada, bila kulala pamoja, au mume wangu apeleke shauri kwa mahakama ya Kanisa, ichunguzwe kama ndoa ile ilikuwa halali tangu mwanzo; ikionekana haikuwa, tutafunga yetu.

"Na kabla ya hapo, Padre, siwezi kupokea?"

"Kuja Misa, mama. Sali. Kupokea, ngoja kwanza."

Jioni mume wangu aliporudi kutoka karakana yake Kawangware, nilianza na ile njia ya pili. Nilidhani atacheka. Alitoa tepu mfukoni akapima chumba: kitanda chetu, pazia, godoro la watoto, meza ya jiko.

"Kitanda kingine naweza kutengeneza kesho," alisema. "Niambie tu tutakiweka wapi."

Nafasi haikuwepo. Ile ya tatu hakutaka hata kuisikia. "Mambo ya zamani siyafukui, mama watoto." Na kumwacha? Mtu huyu hajawahi kuniinulia mkono. Lakini kuacha Misa pia sikuweza. Nikakaa hapo katikati, mwaka baada ya mwaka. Jumuiya yetu ndogo ya mtaani ilinichagua niongoze rozari kwa sababu nina sauti, na nikaongoza, nikijua kila mama aliyepiga magoti pale anajua habari zangu.

Mwaka jana binti yetu alipokea Komunyo ya kwanza. Wazazi waliambiwa wasindikize watoto mpaka mbele. Nilimfuata, mikono nimeikunja kifuani, na padre akaniwekea mkono kichwani badala ya kunipa hostia. Nyumbani, akiwa bado na shela yake, mtoto aliniuliza:

"Mum, mbona Padre hakukupea?"

"Mimi bado."

"Katekista alisema ni ya watu wametubu. Kwani wewe hujatubu?"

Kutubu ni kuacha dhambi, ndivyo alivyofundishwa, na ndivyo nilivyofundishwa mimi. Na wa kuachwa alikuwa ameketi pale mezani akimkatia keki. Kisu kilisimama.

Wiki hiyohiyo aliniambia, "Vaa twende kwa Padre." Nilikaa kando yake nikisikia mambo ambayo hakuwahi kunieleza: kwamba yule mke wa kwanza alikuwa msichana mjamzito, kwamba wazazi wa pande zote mbili walipanga siku bila kumuuliza yeye, kwamba yeye mwenyewe alimwambia baba yake asubuhi ile ya harusi, "Sitaki," na baba yake akamfungia mlango mpaka akavaa suti. Alisimulia akiangalia viatu vyake. Padre aliandika, akaomba majina ya watu wawili waliokuwepo. Kaka mkubwa wa mume wangu alikubali kutoa ushahidi.

Faili ilipelekwa, na mpaka leo hatujapata jibu. Padre anatuambia tusali, nasi tunasali, yeye upande wake wa kitanda, mimi upande wangu. Lakini kila nikianza, maneno yananikwama. Ninachokiomba, nikikisema wazi, ni kwamba harusi ya mwanamke mwingine, ambaye hajanikosea chochote, ionekane haikuwa kitu. Sijui kama sala kama hiyo inaruhusiwa. Sina nyingine.