Jiko Halitoki

Yaryna Kovtunyk, mchora ramani za nyumba katika mji wetu mdogo karibu na jiji la Sumy, huku kwenye theluji na vita, ana mdomo mchafu kuliko dereva wa trekta. Mimi, mkunga, ndiye niliyemwomba atuchoree zahanati mpya ya uzazi, na sijuti hata chembe.

Alichora kuta nene za marobota ya majani ya ngano, zilizokandikwa udongo, na paneli za jua juu ya paa. Katikati ya wodi akaweka jiko kubwa la matofali, la kuni, lile ambalo bibi zetu walikuwa wakilala juu yake wapate joto. Bwana Ostap, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, alikuwa anakitamani kibao wanachopewa majengo rafiki kwa mazingira, kibandikwe mlangoni. Alitufuata siku msingi ulipochimbwa.

"Dada, paneli unazo, halafu unaniletea moshi? Toa hilo jiko, tupate kibao."

"Na umeme ukikatika?" Yaryna akamuuliza.

"Betri zipo."

"Zikiisha je? Watoto wachanga wajifunike kibao? Jengo linaihurumia dunia nzima, waliomo ndani wanaganda! Jiko halitoki!"

Kwetu mtu hatukani mbele ya jiko, ni adabu tuliyorithi. Lakini siku ile jiko halikuwapo bado, basi Yaryna akamporomoshea matusi mpaka wachimbaji wakaacha kazi wasikilize. Kibao tukakikosa. Jiko likajengwa.

Januari makombora yakapiga mitambo ya umeme. Theluji ikafunika paneli, betri zikaisha. Zile kuta zilishika joto kwa muda, kisha likaanza kupungua, nami nina vichanga wodini, mmoja njiti, kazaliwa kabla ya siku zake. Niliogopa, sifichi. Yaryna akaja na shoka, akapasua kuni, akawasha. Kufika jioni matofali yalikuwa yamepata moto, na yule njiti ananyonya.

Kesho yake Ostap akabisha hodi, amemshika mkono binti yake mwenye uchungu wa kuzaa. Nyumbani kwao maji yalikuwa yameganda ndooni.

"Karibu kwenye moshi," nikamwambia, huku nikimpokea binti.

Yaryna alimkazia macho, midomo inamcheza. Nikajua sasa matusi yanakuja. Akalitazama jiko, akayameza.

"Bwana Ostap, neno lako ninalo, tena refu. Shukuru jiko limo ndani. Shoka hilo hapo, kuni ziko uani."

Ostap akalichukua shoka.