Maziwa Hayafiki Kwenye Mapafu

Siku yangu ya kwanza kazini, idara ya ujenzi pale Tarime, Msimamizi alinipa msumeno na bati la asbesto, lile la kijivu la saruji iliyochanganywa na nyuzi za mwamba. "Kata, kijana. Hili halijui kutu wala moto." Nikakata. Vumbi likanipaka mpaka kope, wenzangu wakacheka: "Huyu katoka kusaga mahindi!"

Jioni alitugawia maziwa mgando. Sisi Wakurya tuliamini yanasafisha kifua. Simlaumu, naye alikunywa, naye alikohoa. Nilipohamishiwa Nyansurura kuezeka madarasa, nikiwa msimamizi sasa, niliwapa mafundi wangu maziwa vilevile. Kwamba bati hulowanishwa kabla ya kukatwa ili vumbi lipungue, sikujua. Au sikuuliza, sina hakika.

Nimestaafu. Sasa kilima kidogo tu, nahema. Nimeishia darasa la saba, kwa hiyo daktari nilimsumbua kwa maswali, hata la maziwa.

"Mzee, maziwa yanakwenda tumboni. Nyuzi zinakwenda mapafuni, hadi vifuko vya mwisho vya hewa. Kule kuna seli za ulinzi. Zinajaribu kumeza uzi, ila uzi ni mrefu kuliko seli yenyewe."

"Kama chatu aliyemeza mkuki?"

Alicheka. "Hasa. Seli inapasuka, inamwaga sumu yake, inaita wenzake. Uzi hauozi, basi vita havikomi, na pafu linavimba ndani kwa ndani. Panabaki makovu, pafu linakakamaa. Wengine hupata saratani, miaka mingi baadaye."

"Na sigara zangu?"

"Nazo zimo. Siwezi kukugawia lawama kwa mizani."

Ndipo nikauliza nililoliogopa. "Na aliyekuwa akikung'uta nguo zangu za kazi?"

Akaacha kuandika. "Nani?"

"Mke wangu, Bhoke."

"Mlete."

Bhoke aligoma. "Baba Ghati, mimi nimepanda paa lini?" Nilimbembeleza wiki nzima. Picha yake ya kifua ilitoka safi, lakini daktari akamtaka arudi kila mwaka, maana safi ya leo si ahadi ya kesho.

Njiani akaniuliza, "Mafundi wako wa Nyansurura, wana wake?"

"Karibu wote."

Alfajiri ya kesho yake nilimkuta amekwisha kuvaa kitenge cha safari.

"Wewe utaongea na mafundi," akasema. "Wake zao niachie mimi."