Udongo Uliochekechwa

Mama yangu hajawahi kumtumia mtu kitu kichafu. Maharagwe yake yakishuka kutoka kwetu Wusi, milimani, utayakuta yamechaguliwa, yamepepetwa na kuanikwa hadi yanagongana kama kokoto. Kwake, mzigo wenye taka ni matusi kwa anayeupokea. Nilijua hivyo tangu utotoni, na bado sikumwonya.

Nilikuwa nimemwomba udongo. Kakangu mkubwa aliugua kifua kikuu akapona, kisha kuvu ikaota kwenye kovu la pafu lake. Vidonge vilimsaidia kwa muda, halafu kuvu ikavizoea. Akawa anakohoa damu, hawezi kupanda mteremko wa shamba letu bila kuketi. Nami nilikuwa mwanafunzi wa maabara huko Voi, tukitafuta bakteria wa udongoni wanaotoa sumu ya kuua kuvu, kwa kuwa dawa kadhaa zilishapatikana kwa njia hiyo. Mwalimu alitaka udongo mbichi, pamoja na majani yake yaliyooza.

Mzigo ulipofika nusura nilie. Udongo ulikuwa mkavu, umechekechwa, hauna jani wala mzizi. Nikampigia Mama simu nikiwaka.

"Mama, umeniharibia kazi! Nilitaka udongo, sio unga wa ugali!"

"Sasa ulitaka nitume matope mpaka chuoni? Waseme kwenu hakuna mtu? Nimeuanika siku nne, nikatoa takataka yote. Ungeshukuru."

Nilikata simu bila kumuaga. Naona haya hadi leo.

Nikauotesha hivyo hivyo, kwa kinyongo, kwenye kisahani chenye kuvu ya aina ile iliyomshika kaka. Baada ya siku kadhaa, visahani vya wenzangu vilikuwa vimejaa utelezi wa kila rangi. Changu kilikuwa na madoa machache tu, meupe kama chaki, na kuzunguka doa moja kuvu ilikuwa imekoma. Mwalimu akacheka sana. Akasema jua huua vijidudu vingi vya kawaida, lakini hawa tunaowasaka hutengeneza mbegu ngumu, wakavumilia ukavu; wako wataalamu wanaoanika udongo makusudi. Ningetulia ningekumbuka, maana tulifundishwa. Hasira hasara.

Nikampigia Mama kumwomba radhi. Alinicheka mpaka akachoka, kisha akauliza lile nililoliogopa.

"Hiyo dawa, kaka yako ataipata lini?"

Nikamwambia ukweli: kutoka doa hadi dawa ni miaka mingi, na mengi hufia njiani. Kaka, aliyekuwa kando yake akisikiliza, akachukua simu akaomba picha. Nikamtumia. Akaitazama, nikisikia pumzi yake ikikwaruza.

"Hapa patupu, kando ya doa," akauliza, "ndipo imeshindwa kupita?"

"Ndiyo, kaka."

"Kumbe inashindwa."

Tangu augue, hakuna aliyekuwa amemwambia hivyo.