Kayamba Isiyosikika Redioni

Mama yangu hakuwa mwimbaji. Katika kwaya ya parokia yetu hapa Matogoro alipiga kayamba, amesimama pembeni kabisa karibu na dirisha, na ukimwuliza kwa nini haimbi alijibu kwamba waimbaji wamejaa tele. Kayamba aliitengeneza mwenyewe kwa matete ya bondeni na mbegu ndogo ngumu. Ilikuwa na mlio mkavu, mwembamba, kama wa mtu anayepepeta mchele.

Baba alikuwa haendi kanisani kwa sababu ya goti. Jumapili aliweka redio uani juu ya kinu kilichopinduliwa, akasikiliza misa ikirushwa na kituo kidogo cha mjini nilikokuwa fundi mitambo. Kwenye kiitikio mama alikuwa na tabia ya kuchelewa kidogo, nukta moja tu, na mwalimu wa kwaya alishachoka kumsema. Baba aliingojea nukta ile. Mama akirudi nyumbani alimkuta mumewe ameshajua kama leo kachoka au kafurahi, na chai iko mezani.

Kisha kituo chetu kikaanza kusikika mtandaoni pia. Watu wa huku waliopo Dar wakalalamika kwamba matangazo yanakatikakatika, maana intaneti yetu ilikuwa haina nguvu, na kompyuta nayo ilikuwa imejaa. Mkuu wa kituo akaniambia nipunguze mzigo. Nilikaa wiki nzima nikizibana nyimbo zote za kwaya tulizowahi kurekodi mpaka zikawa nyepesi kama pumba, kisha nikafuta rekodi za awali ambazo hazikubanwa ili nipate nafasi. Nilizikagua kwa simu yangu, nikisikiliza jambo moja tu: maneno yanasikika? Kwetu redio ni maneno. Ni matangazo ya vifo, bei ya mahindi, mbolea inafika lini. Maneno yalisikika vizuri, nami nikajipongeza kwa soda.

Nilijua, maana nilifundishwa, kwamba sauti ikibanwa sana kompyuta hutupa kwanza ile milio myembamba ya juu, ikidhani sikio halitaitafuta. Sikukumbuka kwamba kayamba, kuanzia tete la kwanza hadi la mwisho, ni milio hiyo tu. Naandika haya na bado najikasirikia.

Mama alifariki mahindi yakiwa yamefika magotini. Baada ya matanga baba aliniomba kitu kimoja, nimletee wimbo wowote ambao mama alipiga. Nikaleta spika ya kuchaji, nikaiweka juu ya kinu kilekile. Baba aliinamisha kichwa. Wimbo ukaisha, akataka urudiwe, ukaisha tena.

"Hawa wote nawasikia," alisema. "Mama yako hayumo."

Nikasikiliza kama yeye alivyosikiliza. Pale palipopaswa kuwa na kayamba palikuwa na kitu kama mafuta yanayochemka chumba cha pili, hakina mwanzo wala mwisho, na ile nukta ya kuchelewa haikuwepo. Watu husema asiyekuwepo na lake halipo. Nimeuchukia msemo huo tangu siku ile.

Nilimfuata mwalimu wa kwaya, ambaye alikuwa amehamia Peramiho. Shikamoo, marahaba, chakula, pole za msiba, ndipo nikamweleza shida yangu. Akainuka kwa furaha, akaleta flashi aliyoitunza ndani ya kopo la majani ya chai. Nilipoifungua nikakuta mafaili yangu mwenyewe, yaleyale niliyoyabana, niliyompa kama zawadi siku alipotuaga. Nilimshukuru sana. Sikuwa na uso wa kumwambia.

Nikarudi mikono mitupu, nikamwungamia baba yote. Hakunigombeza, na ningeona nafuu kama angenigombeza. Aliingia ndani akichechemea, akatoka na kayamba yenyewe, imeshika vumbi. Akanikabidhi, akaniambia niweke wimbo na nipige.

Siku hizi kila Jumapili mchana ndiyo kazi yetu. Kwaya inaimba kwenye spika, nami nimesimama kando nikipiga kayamba kwa mikono hii iliyozoea kukaza skrubu. Kwenye kiitikio najaribu kuchelewa. Mara nachelewa mno, mara nawahi. Namtamani mama kuliko nilivyomtamani siku ya mazishi, kwa sababu sasa najua jinsi kile alichokifanya kilivyokuwa kigumu. Baba hufumba macho akangoja.

"Bado," aliniambia Jumapili iliyopita.

Nikataka kuiweka kayamba chini.

"Usiiweke, mwanangu. Rudia."

Nikaurudisha wimbo mwanzo.